GPS ya pikipiki haionyeshi ramani ya topo au inakupeleka siko: tafuta ugonjwa kabla hujalaumu kifaa

Wadau wa Kigoma na Tabora, naandika hii kwa sababu kila mwezi kuna mtu ananiletea GPS ya pikipiki akisema imekufa, nikiiwasha naikuta nzima, satelaiti inashika, chaji inaingia, tatizo lipo kwenye ramani ya topo aliyoiweka, yani ile inayoonyesha vilima, mabonde na mito. Na sisi huku ramani siyo pambo. Ukitoka Kasulu kuelekea milima ya Manyovu, au ukiingia kwenye miombo ya Sikonge wakati wa masika, mstari mmoja wa kontua (ule unaounganisha sehemu zenye kimo sawa) au mto uliochorwa vizuri ndo unakuambia kama utafika leo au utalala porini. Kwahiyo mi nalichukulia hili jambo kwa uzito.

Nitazungumzia zaidi Garmin maana ndo zilizojaa huku, iwe eTrex, GPSMAP, Montana au Zumo. Wanaotumia simu na programu ya ramani ya OsmAnd nao mengi yatawagusa, ila kumbukeni simu kwenye usukani inatikisika mno, Apple wenyewe walitoa tahadhari 2021 kwamba mtetemo wa injini za pikipiki unaweza kuharibu kamera ya simu, kwahiyo kama una simu ya maana iweke mfukoni, kazi ya kutikisika iachie GPS.

Kabla ya yote, fanya kipimo kimoja. Nenda kwenye setingi za ramani, pale ambapo kifaa kinaorodhesha ramani zilizomo, usome majina. Kwenye Zumo ni sehemu ya myMaps, kwenye eTrex na wenzake ni kwenye setingi za ramani. Jina la ramani yako lipo? Limewekewa tiki? Majibu ya hayo maswali mawili yanakupa nusu ya utatuzi, na watu karibu wote wanaruka hapo wanakimbilia kuriseti kila kitu, yani kukirudisha kifaa kama kilivyotoka dukani, wanapoteza njia zao zote walizorekodi.

JINA LA RAMANI HALIPO KABISA

Hapa kifaa hakijaliona faili. Toa memori kadi, ichomeke kwenye kompyuta. Lazima kuwe na folda inaitwa Garmin, na ndani yake faili linaloishia na .img. Kwenye vifaa vya zamani jina lazima liwe gmapsupp.img na ni moja tu linalosomwa, ukiweka mawili la pili ni kama halipo. Vipya vinakubali mafaili mengi na jina lolote, ilimradi mwisho ni .img.

Sasa kuna mtego ambao umeshawanasa watu wengi, na mimi mwaka wa kwanza ulininasa siku nzima. Windows kwa kawaida inaficha ule mkia wa jina la faili. Wewe unaona "gmapsupp", unaliandika upya "gmapsupp.img", kumbe jina kamili limekuwa gmapsupp.img.img na kifaa hakilijui. Fungua ile setingi ya kuonyesha mikia ya mafaili ndo ulibadilishe. Mwingine anachukua zip alivyoishusha anaitupia kwenye kadi bila kuifungua, nayo haisomeki.

Angalia na ukubwa wa faili. Bando likikatika katikati faili linabaki nusu, na kwa jina linaonekana zima kabisa. Linganisha na ukubwa ulioandikwa pale ulipolishusha, zikitofautiana shusha upya, usibahatishe.

Halafu kadi yenyewe. Fomati iwe FAT32, siyo NTFS wala exFAT kwa vifaa vya zamani, na vingi vya zamani haviendi zaidi ya GB 32. FAT32 haibebi faili moja linalozidi GB 4, kwahiyo ukiona kopi inagoma mwishoni na kadi bado ina nafasi, sababu ndo hiyo, chukua ramani ya Tanzania peke yake badala ya Afrika Mashariki nzima. Na kuna kadi feki zimeandikwa GB 64 kumbe ndani ni 8, unaweka ramani inaonekana imeingia, ukifika porini nusu ya mkoa ni nyeupe. Programu ya H2testw ya Windows inajaza kadi yote na kuisoma upya, inakuambia ukweli. Inachukua muda, iache ifanye kazi wewe unakunywa chai.

JINA LIPO, TIKI IPO, LAKINI SKRINI NI NYEUPE AU KUNA BARABARA KUU MOJA TU

Ile barabara kuu moja na ziwa lililochorwa kwa pembe kama limekatwa na panga ndo ramani ya msingi iliyokuja na kifaa, siyo yako. Kwanza vuta karibu, ramani nyingi za topo hazionyeshi kontua mpaka ufike kipimo cha mita 300 au 200, ukiwa umeiacha kilomita 5 huwezi kuona kitu. Pili, angalia kiwango cha maelezo, kisiwe kimewekwa kwenye cha chini.

Tatu, na hii ndo inasumbua zaidi, ramani mbili zinagombana. Ramani isiyo na uwazi ikilala juu ya nyingine inaifunika yote, yani una ramani nzuri ya topo chini lakini juu yake imelala ramani ya mji uliyopewa na rafiki. Toa tiki kwenye zote, bakiza moja, tazama. Kisha ongeza moja moja. Watu wa OpenTopoMap wanatoa mafaili mawili kwa nchi, moja la ramani na lingine la kontua peke yake, la kontua limetengenezwa liwe wazi ili likae juu ya jingine, kwahiyo hayo mawili ndo yawe na tiki kwa pamoja na mengine yapumzike.

KINAKUAMBIA HAKIWEZI KUFUNGUA RAMANI

Umenakili kadi ya mtu. Ramani za kulipia zinafungwa kwa namba ya kifaa kimoja, kwenye kifaa kingine zinagoma, hakuna ujanja hapo. Nunua yako au tumia zile za bure zinazotokana na OpenStreetMap (ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea), ambazo kwa upande wetu kusema kweli vijijini mara nyingi zina njia nyingi kuliko za kulipia.

KINAGANDA KIKIWAKA, PALE KINAPOSOMA RAMANI

Faili bovu. Kama ulilitia kwenye kadi, chomoa kadi, washa, kitawaka, umepona. Hii ndo sababu nawaambia watu ramani mpya iwekwe kwenye kadi siku zote, isiwekwe kwenye memori ya ndani, maana ya ndani ikileta shida kazi yake ni kubwa. Kwenye eTrex 20 na 30 unaichomeka kwenye kompyuta huku umeshikilia kile kijiti kwenda juu mpaka kompyuta iione, ndo unafuta lile faili.

Na ukiwa mle ndani tafadhali usiguse gmapbmap.img, gmapprom.img wala gmaptz.img. La kwanza ni ramani ya msingi, la pili ni ramani iliyonunuliwa pamoja na kifaa, la tatu ni la majira ya saa. Kuna kijana alikuwa anatafuta nafasi akayafuta yote kwa sababu "sikuyaweka mimi", akaja kwangu analia. Nakili folda nzima ya Garmin kwenye laptopu siku ya kwanza unayonunua kifaa, kabla hujafanya chochote.

INACHORA MSTARI ULIONYOOKA, AU INAKUZUNGUSHA MKOA MZIMA

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo watu wanapotea na mafuta yanaisha.

Mstari ulionyooka kama kamba kutoka ulipo mpaka unakoenda una sababu mbili. Ama ramani yako ni ya kuangalia tu, haina ndani yake zile taarifa za kutafuta njia, ama kifaa kimewekwa kwenye hali ya kwenda moja kwa moja. Ukibadilisha hali ukaweka ya pikipiki au gari na mstari bado umenyooka, basi ni ramani. Ramani za picha, zile ulizoskani mwenyewe, haziwezi kutafuta njia kabisa, usizilaumu.

Kuzungushwa ni ugonjwa mwingine. Nilikuwa Kasulu na vipuri vya pampu ya maji vinasubiriwa Uvinza, nikaweka Uvinza, kifaa kikaniambia nirudi kwanza mpaka Kidahwe kule karibu na Kigoma mjini ndo nipinde kwenda Uvinza. Nikaamini, nikajua labda daraja limekatika. Nikafika jioni kabisa, fundi wa pampu ananiuliza, "Kaka, umepitia wapi, mbona wenzako wanakatiza huku ndani?" Nikakaa chini ya mwembe nikaanza kupekua setingi mojamoja, nikakuta kwenye orodha ya vitu vya kuepuka, barabara zisizo na lami zimewekewa tiki. Huku kwetu! Kilichofanya kifaa ni kunitii, nimekiambia kinikwepeshe vumbi, kikanikwepesha vumbi.

Kwahiyo fungua ile orodha ya vya kuepuka, toa tiki kwenye barabara zisizo na lami, toa na kwenye vivuko pia kama unaenda vijiji vya ng'ambo ya Malagarasi upande wa Ilagala, na toa kwenye kugeuza njiani. Acha tiki kwenye vichochoro kama unabeba mzigo mpana. Na uchague njia ya muda mfupi, usichague ya umbali mfupi, kwenye ramani za OpenStreetMap ya umbali mfupi itakuingiza kwenye vinjia vya ng'ombe kwa sababu kweli ni vifupi.

Ukishatoa tiki zote na bado inazunguka, vuta ramani karibu kabisa pale inapokataa kupita. Mara nyingi utaona barabara mbili zinakaribiana lakini hazijagusana, mtu aliyezichora kwa kufuatisha picha ya satelaiti aliacha pengo la mita mbili. Kwa macho ni barabara moja, kwa kifaa hapo kuna shimo. Weka pointi ya kati upande wa pili wa pengo, utapita.

NIPO BARABARANI LAKINI MSHALE UPO PORINI

Kama mshale unarukaruka kati ya barabara na kichaka, ni ile setingi ya kugandisha mshale barabarani, izime ukiwa njia za ndani, maana njia isiyokuwepo kwenye ramani itakufanya uvutwe kwenye barabara ya jirani usiyoipita.

Ila kama umehama kwa umbali uleule kila mahali, tena upande uleule, hiyo ni datum, yani msingi wa vipimo ambao ramani imechorwa juu yake. Hapa nyie wenye ramani za karatasi za 1:50,000 mnisikilize. Zile karatasi za Tanzania zimechorwa kwa Arc 1960, GPS yako inatumia WGS84. Tofauti yake huku ni karibu mita 300. Kwenye karatasi ya 1:50,000 sentimita moja ni mita 500, kwahiyo mita 300 ni milimita 6, kwenye karatasi ni kidogo, lakini chini kwenye ardhi ni tofauti ya kuwa ng'ambo hii ya korongo au ile. Ukisoma namba kutoka kwenye karatasi, badilisha kifaa kiwe Arc 1960 kwanza ndo uingize namba, ukimaliza rudisha WGS84.

Kupima ni rahisi. Nenda pale barabara inapokata reli ya kati, ile ya zamani iliyofika Kigoma 1914. Barabara zimehamishwa mara nyingi, ile reli imetulia. Simama katikati ya makutano, subiri dakika mbili, angalia mshale umekaa wapi. Ukiwa ndani ya mita 10 ramani yako iko sawa. Ukiwa mbali mita 300 unajua ni datum. Ukiwa mbali mita 40 au 50 basi ni mchoraji.

Na kuna jambo jingine la huku kwetu ambalo wengi hawalijui. Kanda za UTM (mfumo wa gridi unaotaja mahali kwa mita badala ya nyuzi) zinabadilika kwenye longitudo 30, na mstari huo unapita ndani ya mkoa wa Kigoma. Kigoma mjini ni kanda ya 35, Kasulu, Uvinza, na kuendelea mpaka Urambo na Tabora ni kanda ya 36. Ukiingiza namba za UTM za Kigoma mjini ukaandika kanda ya 36, kifaa kitakupeleka zaidi ya kilomita 650 mashariki, si mbali na Kondoa. Wanaotumia nyuzi nao wana lao, ukisahau S ukaacha N, pointi ya Kigoma inahamia Sudan Kusini karibu na Maridi. Ukiona kifaa kinasema unakoenda ni kilomita elfu moja na ushee na wewe unaenda Mwandiga, usishangae, rudi usome herufi.

KONTUA ZIMEJAA MPAKA SIONI NJIA, AU SIZIONI KABISA

Hapa ni suala la kuchagua, na mi nina msimamo wangu. Ramani moja haifai mikoa yote miwili.

Kigoma ardhi imesimama. Ziwa lipo karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari na mlima Nkungwe kule Mahale unafika mita 2,462, na ukingo wa bonde la ufa unapanda ghafla kutoka ufukweni. Ukiweka kontua za kila mita 10 huku, skrini ya eTrex inakuwa tope la kahawia, njia huioni na kifaa kinachora polepole, kila ukipinda kona unasubiri. Chukua za mita 20 au 25. Zikibanana unajua mbele kuna mteremko wa gia ya kwanza, zikiachana unapumzika, hiyo inakutosha ukiwa juu ya pikipiki.

Tabora ni tambarare ya mita 1,200 hivi, unaweza kwenda muda mrefu bila kukata mstari hata mmoja wa mita 25, ukadhani ramani haijaingia. Imeingia, ardhi yenyewe ndo imelala. Huko weka za mita 10, na hata hivyo kinachokusaidia zaidi siyo kontua, ni mito ya msimu na mbuga, yani mabonde yanayojaa maji masika. Ule udongo mweusi ukilowa pikipiki inashika mpaka tairi halizunguki, kwahiyo tafuta ramani iliyochora maeneo ya majimaji na vijito vya msimu, hata kama kontua zake siyo nzuri sana.

Na mjue kontua zote hizi za bure karibu zote zimetoka sehemu moja, ni vipimo vya rada vilivyopigwa na chombo cha anga Endeavour Februari 2000 kwa siku 11. Rada ile kwenye msitu mnene haikufika chini vizuri, ilirudi na sehemu ya urefu wa miti. Ndo maana kwenye miombo utaona kikontua kinazunguka kama kuna kilima, ukifika hamna kilima, kuna msitu ulioishia kwenye shamba la tumbaku. Usibishane na kifaa, kijue tu.

Kama kimo kinachosomeka kwenye kifaa chenye barometa ndo kinadanganya, shuka ufukweni ukiseti kwa mita 770 na kitu, fanya hivyo asubuhi kabla ya safari kwa sababu hewa ikibadilika na namba inahama.

RAMANI YA KARATASI NILIYOSKANI INATOKEA NUSU

Hii ni kwa vifaa vya mkononi vinavyopokea KMZ (faili la picha ya ramani lililowekewa mahali pake duniani), unaweka kwenye folda ya CustomMaps. Kwa Garmin kipande kimoja cha picha kisizidi pikseli 1,024 kwa 1,024, na vifaa vingi vinapokea vipande 100 tu. Ukizidisha, kinachozidi hakionekani. Ukiweka karatasi nzima kama picha moja kubwa itapunguzwa mpaka majina ya vijiji hayasomeki. Kata karatasi yako, chukua eneo la safari ya wiki hii, na JPEG iwe ya kawaida isiwe ile inayofunguka kidogokidogo, haisomeki.

INAPOTEA NJIANI, NIKISIMAMA INARUDI

Ramani haina kosa, ni mtetemo. Kadi inacheza kwenye kitako chake kifaa kinaona kama imechomolewa. Zima, toa kadi, futa zile sehemu za dhahabu kwa kifutio cha penseli, rudisha, na juu yake kunja kipande kidogo cha karatasi nyembamba kiibane. Wenye eTrex za betri za AA fanyeni hivyohivyo kwenye betri, maana zikiruka milisekunde moja kifaa kinazima. Na kama ukichomeka waya kwenye pikipiki kifaa kinaonyesha picha ya kompyuta na ramani inaondoka, waya wako ni wa data, tafuta wa chaji wenyewe au kwenye vifaa vipya kataa kile kiswali kinachotokea kwenye skrini.

BARABARA IPO CHINI YA TAIRI, KWENYE RAMANI HAIPO

Kati ya Tabora na Kigoma lami imekuja kwa vipande kwa miaka mingi, na sehemu nyingi imenyooshwa ikaacha ile ya zamani pembeni. Ramani ya miaka mitano nyuma itakuonyesha unatembea porini sambamba na barabara iliyoota majani. Shusha ramani mpya, zile za OpenStreetMap zinatengenezwa upya mara kwa mara, mi nashusha kila baada ya miezi mitatu na kabla ya masika lazima.

Ikiwa na ramani mpya bado haipo, basi hakuna aliyeichora, na wa kuichora ni wewe uliyepita. Rekodi safari yako, toa GPX (faili la njia uliyopita), ipandishe OpenStreetMap, chora mstari juu yake, andika ni njia ya aina gani na kama masika haipitiki. Vijiji vingi vya huku viliingia kwenye ramani kwa mikono ya watu wa kujitolea, Crowd2Map Tanzania wameanza tangu 2015, ila wengi wao wanachora kutoka kwenye picha ya satelaiti, hawajui daraja lipi limeondoka na maji wala kijiji kinaitwaje. Wewe unajua. Mi nilichora njia ya kilomita 14 nyuma ya Uvinza, nikasubiri ramani mpya itengenezwe, nikaiweka kwenye kadi, na safari iliyofuata kifaa kikaniambia nipinde kulia palepale kwenye ule mbuyu.